Orodha ya madeni ya kikundi niliibandika kwenye akili mnemba. Imekwenda wapi?

Msomaji wetu, katibu wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa mkoani Morogoro, anauliza hivi:

"Mwanangu, mjukuu wangu aliniwekea ChatGPT kwenye simu, na imenisaidia sana kuandika mihtasari ya vikao na barua za kwenda kata. Mwezi uliopita niliandika orodha ya wanachama wetu wote 27, majina, namba za simu, hisa na deni la kila mmoja, nikaibandika humo inipangie jedwali. Ilipanga vizuri ila jumla ilikosea. Mweka hazina aliposikia akasema nimemwaga siri za watu. Tena niliiuliza sheria inasemaje kuhusu mwanachama asiyerejesha mkopo, ikanipa kifungu na namba yake. Afisa maendeleo ya jamii alikitafuta akakikosa. Nieleze, hiki kitu kinajuaje mambo? Kinakumbuka nilichokiandika? Na sasa nifanye nini?"

Shikamoo mama.

Nianze na orodha, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Majina ya wenzako hayajabandikwa ukutani kila mpita njia ayasome. Usidhani kuna mtu yuko Mbeya ataiuliza simu yake "nani anadaiwa Morogoro" akaletewa jedwali lenu. Lakini mweka hazina wenu alikuwa na haki ya kushtuka. Orodha ile imetoka mikononi mwenu, imelala kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, na anayeamua ikae huko muda gani na nani aione si wewe tena wala si kikundi. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, fungua yale mazungumzo uliyobandika orodha, uyafute. Nitaeleza mbele kwa nini kufuta peke yake hakutoshi, lakini anza na hilo.

Sasa hili la kujua mambo. Jaza nafasi hii: "Haraka haraka haina..." Umeshajaza. Hukufungua kitabu wala hukumuuliza mtu. Umeisikia methali hiyo mara nyingi mno, neno la mwisho linakuja lenyewe. Jaza na hii: "Kikundi chetu kinakutana kila..." Hapa unaweza kuweka Jumamosi, wiki, mwezi, au tarehe 5. Yote yanafaa, mengine zaidi kuliko mengine, na "kila sufuria" halifai kabisa. ChatGPT, Gemini, Claude na wenzao wanafanya kazi ya namna hiyo. Inapokea maneno yaliyopo, inapima kipande kipi cha neno kinaelekea zaidi kufuata, inakiweka, inasoma tena yote tangu mwanzo, inatafuta kinachofuata. Hivyo hivyo, kipande baada ya kipande, mpaka barua ya kata imekamilika.

Ili iweze kupima, ilipitishwa kwenye maandishi mengi kupita kiasi: kurasa za intaneti, vitabu, Wikipedia. Kila ilipokosea kutabiri kipande kinachofuata, namba zilizo ndani yake zilirekebishwa kidogo. GPT-3, iliyotoka mwaka 2020, ilikuwa na namba za aina hiyo bilioni 175. Mpango wenyewe wa kupima maneno, unaoitwa transfoma, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, kilichowashangaza watu wengi kilikuwa ule wepesi wa kuongea nayo kama unavyoongea na jirani.

Shika hili, mama, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Ndani ya kitu hicho hakuna kabati la vitabu ambalo inakwenda kulifungua unapouliza swali. Kuna zile namba tu, na namba zile zimehifadhi mwendo wa lugha: neno gani hufuatana na lipi, barua ya serikali huanzaje, muhtasari wa kikao huwa na vichwa gani. Ndiyo maana mihtasari yako inatoka vizuri. Muhtasari wa kikao una mwendo unaojulikana, na yaliyosemwa kikaoni unayatoa wewe.

Rudi sasa kwenye kile kifungu cha sheria. Maandishi ya kisheria nayo yana mwendo wake. "Kwa mujibu wa kifungu cha..." na hapo lazima ije namba. Sentensi ikishafika mahali hapo inadai namba, na programu itaweka namba inayofanana na zile zinazokaa mahali kama hapo. Haikuwa na nia ya kukudanganya, kwani haina nia yoyote. Haikukagua kama kifungu hicho kipo, na kwa sauti yake huwezi kutofautisha inapopatia na inapobuni. Mtu akibuni mbele yako utamwona anasitasita, anakwepa macho. Hii haisitisiti.

Na si wewe peke yako iliyokukuta. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wa mteja aliyekuwa akilishtaki shirika la ndege la Avianca waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi za zamani ambazo hazikuwahi kuwepo. ChatGPT ilizibuni, zikiwa na majina ya wadaawa na hata maneno ya majaji. Wakili mmoja aliiuliza yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kuwa ni za kweli. Jaji P. Kevin Castel aliwapiga faini ya dola 5,000. Hao ni watu waliosomea sheria. Ukiiuliza programu kama ina uhakika, nalo hilo ni swali linalodai mwendelezo wa maneno, na mwendelezo wa kawaida wa "una uhakika?" ni "ndiyo" au "samahani, nimekosea". Utapata mojawapo, na hakuna linalothibitisha chochote.

Kwa kikundi chenu, sheria ya kuitafuta ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Imeweka madaraja manne, na vikundi vya kijamii kama chenu viko daraja la nne, ambalo Benki Kuu imekasimu usajili na usimamizi wake kwa halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wenu basi ndiye mtu sahihi, na alifanya kazi yake alipokwenda kukitafuta kifungu badala ya kukiamini. Kuhusu mwanachama asiyerejesha, mahali pa kwanza pa kutazama ni katiba ya kikundi chenu wenyewe: mlikubaliana nini kuhusu wadhamini, faini na hisa zake? Katiba hiyo iko kwenye sanduku lenu, na programu haijawahi kuiona.

Siku hizi baadhi ya programu hizi zinaweza kwenda kutafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu, kisha zikakuwekea kiungo cha ukurasa. Hilo limepunguza ubunifu wa aina hii, halijaumaliza. Ikikupa kiungo, kifungue, usome mwenyewe kama ukurasa ule unasema kinachodaiwa. Isipokupa, chukulia hujajibiwa.

Ile jumla iliyokosea ina asili ileile. Namba nazo hukatwa vipande na kutabiriwa kama maneno. Kwa 20,000 kujumlisha 30,000 itapatia, maana hesabu nyepesi kama hizo zimejaa kwenye maandishi iliyopitia. Kwa safu ya watu 27 wenye marejesho ya 18,500 na 43,750 na riba juu, ni rahisi kuteleza katikati na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Zipo ambazo sasa zinaita kikokotoo nyuma ya pazia, lakini huwezi kujua kwa kutazama jibu kama imefanya hivyo. Hesabu za kikundi zifanyeni kwa kikokotoo cha simu au kwa Excel, na mweka hazina azirudie kwa mkono kwenye daftari, kama mlivyokuwa mkifanya.

Kabla sijarudi kwenye siri, niseme kidogo kuhusu lugha, kwa sababu wewe unaitumia kwa Kiswahili, na Kiswahili kiliingia humo kikiwa kimechelewa na kikiwa kidogo. Katika maandishi yaliyofundishia GPT-3, takribani asilimia 93 ya maneno yalikuwa ya Kiingereza. Lugha nyingine zote za dunia ziligawana kilichobaki. Zilizokuja baadaye zimeboreka sana kwa Kiswahili, nakiri, lakini bado utakutana na sentensi ambayo kila neno lake ni la Kiswahili na hakuna mtu wa Morogoro wala wa Pemba angeisema hivyo.

Chukua neno "hawajarejesha". Wewe unasikia humo watu, ukanusho, wakati na tendo, vyote kwa pumzi moja. Mashine hulikata kwa kufuata mafungu ya herufi iliyoyaona mara nyingi, na kwa kuwa iliyaona zaidi kwenye Kiingereza, mara nyingi huligawa mahali ambapo sarufi yetu haina kiungo. Maneno yetu hutoka na vipande vingi kuliko ya Kiingereza kwa maana ileile, na anayelipia huduma kwa kipande hulipa zaidi kwa kuandika lugha yake.

Nikupe mfano ulionikuta. Niliipa programu moja tangazo la mkutano initafsirie kwa Kiingereza kwa ajili ya mgeni. Tangazo lilisema saa nne asubuhi. Tafsiri ikasema saa nne ya Kizungu, asubuhi, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Hesabu yetu ya saa inaanzia macheo, yao inaanzia usiku wa manane, na katika maandishi mengi iliyofundishwa "nne" ni nne yao. Nililiona kwa sababu nilisoma tafsiri yote kabla ya kuituma. Fikiria sasa kwamba lile lilikuwa karatasi la dawa la mama mjamzito, au tarehe na saa ya kufika mahakamani. Tangu siku ile, popote penye saa naandika mwenyewe.

Lingine ni la jinsia. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa wote. Ukiandika "mwenyekiti wetu amesafiri, yeye ndiye mwenye muhuri" ukataka Kiingereza chake, usishangae mwenyekiti akageuka mwanamume, ilhali kikundi chenu hakina mwanamume hata mmoja. Ni kosa linalotokana na yaliyoandikwa na watu kwa miaka mingi, kwamba mwenyekiti, daktari na mkurugenzi ni wanaume, muuguzi na mpishi ni wanawake. Inarudisha ilicholishwa.

Na kuna watu ndani ya kazi hii ambao sipendi wasahaulike. Programu iliyofundishwa kwa maandishi ya intaneti peke yake hutoa na uchafu wa intaneti: matusi, ukatili, mambo ya kuwadhulumu watoto. Ili ijifunze kuyakataa, lazima mtu akae ayasome, aweke alama: hili ni hili, lile ni lile. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba sehemu ya kazi hiyo kwa ajili ya OpenAI, wenye ChatGPT, ilifanywa na vijana jijini Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Walisoma maandishi ambayo mimi nisingependa kuyasoma hata mara moja, siku nzima, na baadhi yao wakaeleza jinsi yalivyowaumiza akili. Ile adabu unayoiona programu inapokujibu, mama, sehemu yake imelipiwa na watoto wa watu hapa jirani. Tunapohesabu faida za vyombo hivi, hesabu hiyo nayo iwemo.

Sasa turudi kwenye sanduku lenu.

Vikundi vingi kama chenu vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayelifungua peke yake. Ndiyo maana watu wanathubutu kuweka humo hisa zao na siri zao za kudaiwa. Ulipobandika ile orodha, yaliyomo kwenye daftari la sanduku yalitoka kwa ufunguo mmoja, wa simu yako. Najua hukukusudia. Ile nafasi ya kuandikia inafanana na karatasi tupu iliyo mbele yako, na karatasi tupu haimpelekei mtu habari. Lakini ukibonyeza kutuma, maneno yanasafiri kwenye intaneti hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni, yanachakatwa huko, na jibu linarudi. Kwenye simu yako hakuna kinachofikiriwa.

Uliuliza kama inakumbuka. Kuna kumbukumbu za namna tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ndani ya mazungumzo mamoja: kila unapoandika sentensi mpya, mazungumzo yote ya juu yake hutumwa tena, ndiyo maana inaonekana kukumbuka ulichosema mwanzo. Ya pili ni ile ambayo programu hujiwekea maelezo kukuhusu na kuyatumia siku nyingine. Ipo kwenye mipangilio, unaweza kuifungua ukasoma imeandika nini, ukafuta. Ya tatu ndiyo nzito. Kwenye akaunti za kawaida, kama hii yako ya bure, mazungumzo yanaweza kutumika kufundishia modeli zijazo, yaani matoleo mapya ya ile mashine ya namba, isipokuwa umezima ruhusa hiyo. Tena wapo wafanyakazi ambao kwa sababu za usalama au ubora wanaweza kuyasoma baadhi.

Je, orodha yenu inaweza kuchomoza kwenye jibu la mtu mwingine baadaye? Kitu kilichoonekana mara moja katika bahari ya maandishi kwa kawaida huyeyuka humo. Nasema kwa kawaida, kwa sababu mwishoni mwa 2023 watafiti, wakiwemo wa Google DeepMind, waliiambia ChatGPT irudie neno moja la Kiingereza bila kukoma, na baada ya muda ikaanza kumwaga vipande vya maandishi iliyofundishwa, vikiwemo anwani na namba za simu za watu halisi. Tundu lile lilizibwa. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba lilikuwa la mwisho.

Kuna na njia nyingine za kuvuja zisizohusu mafunzo kabisa. Machi 2023 hitilafu ya ChatGPT iliwaonyesha baadhi ya watumiaji vichwa vya mazungumzo ya wengine, na taarifa za malipo za sehemu ndogo ya wateja wa kulipia zikaonekana. Mwaka huohuo wafanyakazi wa Samsung walibandika humo msimbo, yaani maandishi ya kuendeshea programu, ambao ni siri ya kampuni yao, ili usaidiwe kurekebishwa, na kampuni ikapiga marufuku vyombo hivyo kazini. Katikati ya 2025 mazungumzo ambayo watu walikuwa wameyatengenezea kiungo cha kushirikisha wenzao yakaanza kuonekana kwenye utafutaji wa Google. Mama, kama ulilituma lile jedwali kwa mweka hazina kwa kubonyeza "shiriki" ndani ya ChatGPT, badala ya kulinakili na kulipeleka kwa mkono, nenda kwenye mipangilio ukaifute hiyo linki pia.

Na hapa ndipo nilipoahidi kueleza kufuta. Ukifuta mazungumzo, yanatoweka kwenye simu yako mara moja, na OpenAI inasema huyaondoa kwenye mifumo yake ndani ya siku 30, isipokuwa kuna sababu ya kisheria ya kuyashikilia. Sababu hiyo ilitokea kweli. Gazeti la New York Times liliishtaki OpenAI Desemba 2023 kwa kutumia makala zake kufundishia, na Mei 2025 mahakama ikaamuru kampuni ihifadhi hata mazungumzo ambayo watumiaji walikuwa wameyafuta. Amri ililegezwa baadaye mwaka huohuo. Mtu aliyefuta siri yake Mei ile alidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa ugomvi usiomhusu hata chembe.

Huenda unajiuliza, nani atakuwa na haja na madeni ya kina mama 27? Nitakwambia nani. Unaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Zamani iliwanasa wachache kwa sababu ilikuwa inapigwa gizani: haina jina, haina kiasi, na Kiswahili chake mara nyingi kimeparaganyika. Sasa fikiria meseji inayomwita mwanachama wako kwa jina lake, inataja rejesho lake la Ijumaa hadi shilingi mia, kwa Kiswahili safi kama cha katibu, kisha inasema mweka hazina amebadilisha laini. Akili mnemba imewapa matapeli hicho Kiswahili safi bure. Kilichokuwa kinakosekana ni orodha. Na sauti nayo inaigizwa. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa tawi la Hong Kong la kampuni ya uhandisi ya Arup alituma takribani dola milioni 25 baada ya kukaa kwenye mkutano wa video na "wakubwa" wake, ambao sura na sauti zao zilikuwa zimetengenezwa. Ikiwa huyo alinaswa kwa video, sisi tunaopokea simu ya sekunde arobaini tukiwa sokoni tuko hatarini zaidi. Kubalianeni kikundini kwamba namba ya kupokelea fedha haibadilishwi kwa meseji wala kwa simu, inabadilishwa kikaoni tu.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa ya mtu itumike kwa lengo aliloitolea, na miamala ya fedha ya mtu imeihesabu miongoni mwa taarifa nyeti. Ina na masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Wenzako walikupa namba zao na hali za madeni yao kwa ajili ya kikundi. Sikuambii haya ili uogope kukamatwa kesho. Nakwambia ili ujue kwamba hofu ya mweka hazina haikuwa ya ushamba, kama ambavyo pengine mjukuu alimwambia.

Kwa hiyo fanya hivi. Umeshafuta mazungumzo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayohusu data, uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kuboresha modeli. Fungua kumbukumbu, uone kama imeandika chochote kuhusu wanachama, ufute. Ikiwa una maneno ambayo hutaki yabaki hata kwenye historia, tumia mazungumzo ya muda. Na ukikiona kile kiduara cha Meta AI ndani ya WhatsApp, jua kwamba ujumbe unaomwandikia mwanachama mwenzako umefungwa, hata kampuni haiusomi, lakini unachokiandikia kile kiduara kinakwenda kwa Meta, wenye WhatsApp.

Jedwali lijalo usitumie majina. Wape wanachama namba, M-01 hadi M-27, na karatasi inayoonyesha M-14 ni nani ibaki kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Namba za simu hazina kazi yoyote kwenye jedwali la madeni, ziondoe kabisa. Hata viasi vya kweli si lazima uvipeleke. Iambie: "Nitengenezee jedwali tupu lenye safu ya namba ya mwanachama, hisa, mkopo, riba, rejesho na baki." Itakutengenezea, na tarakimu utazijaza mwenyewe kwenye daftari au Excel. Umepata ulichohitaji na hakuna aliyetajwa.

Barua na mihtasari endelea nayo. Nimesoma mfano ulionitumia wa barua ya kuomba ukumbi wa kata, ni nzuri, na nafurahi kwamba mtu anayesema alikomea darasa la saba sasa hatoki jasho mbele ya karatasi ya serikali. Sitaki hofu ya orodha ikurudishe nyuma. Ila soma kila mstari kabla hujasaini, kwa sababu saini ni yako. Mwaka 2022 programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada ilimweleza abiria aliyefiwa utaratibu wa nauli nafuu usiokuwepo. Shirika likajitetea kwamba programu ile inajibu kivyake. Baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa utetezi huo Februari 2024, likaamuru abiria alipwe. Aliyeweka maneno mbele ya watu ndiye anayeulizwa, na kwa barua za kikundi huyo ni katibu.

Lililobaki ndilo gumu, na hakuna programu itakayokufanyia. Kikao kijacho, simama uwaambie wanachama. Waambie uliweka nini, lini, na umefuta. Waambie wasikubali meseji yoyote inayotaja deni lao kabla ya kumpigia mweka hazina kwa namba wanayoijua. Wapo watakaonung'unika. Mwanachama anayesikia kwako kikaoni atabaki na imani kuliko atakayesikia kisimani.

Wakikubali kuongeza neno kwenye katiba, mnaweza kuanza na hili nililoliandika kwa mkono wangu, mwenyekiti alipunguze au aliongeze atakavyo: "Majina, namba za simu, hisa, mikopo na marejesho ya wanachama havitaandikwa kwenye programu yoyote ya intaneti bila idhini ya mkutano wa kikundi. Inapolazimu kutumia programu hizo, namba ya uanachama itatumika badala ya jina, na orodha inayounganisha namba na majina itatunzwa ndani ya sanduku."